Usikate kwanza, huenda ni oleanda

Umeniuliza ni kichaka gani hicho ulichokikuta kwenye bustani uliyonunua. Majani marefu membamba, magumu kama ngozi, hayapukutiki mwaka mzima, na yanatoka matatu matatu kwenye kila kifundo, yaani pale majani yanapoota kwenye tawi? Kwa maelezo hayo, nadhani ni oleanda (Nerium oleander), kichaka cha maua chenye sumu. Hilo la matatu ndilo linalonishawishi zaidi. Hebu ligeuze jani moja: uti wa katikati utakuwa umetokeza, una rangi iliyopauka, na vimishipa vyembamba vinatoka pande zote mbili, sambamba kama meno ya kitana. Maua yakija mara nyingi yatakuwa meupe, ya waridi au mekundu, kwa kawaida petali tano, kisha maganda marefu membamba yenye mbegu za manyoya.

Ukikuta majani yanatoka moja moja kuzunguka tawi, na utomvu ni mweupe kama maziwa, basi huyo ni ndugu yake, Cascabela thevetia, ambaye maua yake mara nyingi ni ya njano.

Ila nakuomba sana, vaa glavu kabla ya kugusa chochote. Mimea yote miwili ina sumu kila sehemu, na sumu yenyewe inashambulia moyo. Watoto na mifugo wasiisogelee. Ukipogoa, matawi usiyachome, maana hata moshi wake unadhuru.

Tuma picha ya kifundo kimoja kwa karibu na ya upande wa chini wa jani. Ya kichaka kizima haisaidii sana.