Kwa mnaotoka Lubumbashi kuja kusoma Mbeya: jifunzeni barabara kwanza

Wadogo zangu mnaoanza masomo Mbeya mwaka huu, wengi mnaniuliza habari za vyumba na ada. Mimi nawaambia muanze na usafiri. Mgeni asiyejua kupanda daladala atakodi pikipiki kila anapotoka, na hela ya mwezi itaisha tarehe kumi.

Kubwa kuliko yote ni upande wa barabara. Congo magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Watu wakisikia hivyo hudhani linamhusu dereva peke yake, kumbe linakuhusu wewe uliyesimama kituoni. Uko Mwanjelwa, unataka kwenda Iyunga. Miguu itakupeleka upande uliouzoea nyumbani, na daladala itakayosimama hapo itakufikisha Uyole, kinyume kabisa na unakokwenda. Kabla ya kuvuka, anza kutazama kulia. Barabara inayokatisha Mbeya ndiyo hiyo hiyo ya malori ya Tunduma na Kasumbalesa, yale yanayopita kwetu na shaba. Lori lililoshehena halisimami ghafla, hata dereva awe na huruma kiasi gani. Nawaombeni sana, hili msilichukulie kirahisi.

Mji wenyewe si mgumu, maana sehemu kubwa imejipanga kando ya hiyo barabara. Ukitokea upande wa Dar es Salaam unaikuta Uyole, kisha Nane Nane, halafu Soweto na Mwanjelwa, halafu Iyunga, na baada ya hapo unateremka Mbalizi kuelekea Tunduma. Mji wa zamani, kule Sokomatola, uko juu, chini ya mlima Loleza. Ukiyashika majina hayo kwa mfuatano wake, utajua kila daladala inakwenda wapi kwa kusoma tu kilichoandikwa mbele yake. Soma maandishi hayo kabla ya kumsikiliza mpiga debe. Kazi yake ni kujaza gari, na ukimtajia unakokwenda anaweza kukuitikia tu ili upande.

Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo hakuna kupatana bei. Kama huijui, muulize abiria aliyekaa kabla konda hajakufikia. Tembea na chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi na mapema inaleta maneno. Na usisubiri gari lisimame lenyewe. Kituo kikikaribia, sema kwa sauti, "Konda, nashuka hapo!" Ukinyamaza, utapitilizwa.

Msaada wa kweli uko kwenye siti ya pembeni. Watu wa huku wanajali salamu, kwa hiyo usianze na swali. Ukikaa karibu na mama mtu mzima, mwambie: "Shikamoo mama. Mimi mgeni, nashuka Iyunga, naomba unishtue tukifika." Atakuitikia, "Marahaba mwanangu," na kuanzia hapo safari yako ameibeba yeye; mara nyingi ndiye atakayempigia konda kelele kwa niaba yako. Kiswahili chetu kimechanganyika na Kifaransa na watakitambua mara moja. Msione haya, ongeeni. Mgeni anayejificha ndiye anayepotea.

Bajaji ziko za aina mbili: zinazochukua abiria kadhaa wa njia moja, na ya kukodi peke yako. Sema mapema unataka ipi, na bei ya kukodi, kama ile ya bodaboda, mmalizane kabla hujapanda.

Kwa safari za mikoani, kata tiketi kwenye ofisi ya basi, si mkononi mwa mtu anayezunguka stendi. Angalia saa. Kwetu wengi hutaja saa kwa Kifaransa. Hapa tiketi itaandikwa 06:00 lakini aliyekuuzia atasema saa kumi na mbili asubuhi, na ni saa hiyo hiyo. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, safari ya siku nzima. Mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku tangu Oktoba 2023, lakini mimi ningewashauri mchana, hasa kwa sababu ya kona za mlima Kitonga. Anayekwenda Iringa ajue kwamba mji uko juu kilimani na barabara kuu inapita chini, Ipogoro. Basi la masafa marefu likimshusha huko, atapanda daladala au bajaji hadi mjini. Njombe na Songea, njia inachepuka Makambako. Tukuyu, nenda na sweta na mwavuli hata kama Mbeya kuna jua.

Pasipoti au kibali chako kisibaki chumbani ukielekea Tunduma, mpaka wa Zambia, au Kasumulu, mpaka wa Malawi. Karibu na mpaka watu wa uhamiaji huweza kusimamisha basi, na ukiwa na karatasi zako mkononi mazungumzo huisha haraka.

Treni ya TAZARA inafaa kwa anayepitia Kapiri Mposhi, Zambia, ila ulizia stesheni kama inabeba abiria na inaondoka siku gani kabla ya kufunga mizigo.

Na likizo ikifika, kumbukeni kwamba Zambia na Lubumbashi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Pale Tunduma simu inaweza kushika mtandao wa Nakonde, upande wa Zambia, na saa yake ikajirudisha nyuma yenyewe. Kama unarudi Mbeya, usiamini simu. Muulize mtu wa ofisi ya basi, kwa sababu basi litaondoka kwa saa ya Tanzania.