Jina la mto Gualala

Wapo wanaosema jina la mto Gualala limetokana na Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa katika hekaya za Skandinavia. Hapana, halitokani na hapo. Hadithi hiyo inarudiwa tu kwa kuwa inapendeza. Mto huu mdogo wa kaskazini mwa Kalifornia ulipewa jina na Wapomo wa Kashaya, wenyeji wa pale: maana yake ni mahali maji yanapoteremkia. Wahispania waliacha alama kwenye tahajia tu, kwa hiyo tamka "Walala", hiyo g iache. Tawi la kusini hufuata ufa wa San Andreas, ule ufa mkubwa wa ardhi unaoleta matetemeko Kalifornia, sambamba na pwani. Ukienda kiangazi unaweza kukuta mlango wa mto, pale unapoingia baharini, umezibwa: mawimbi hurundika fungu la mchanga, na maji hujikusanya nyuma yake mpaka mvua za majira ya baridi zilibomoe.