Wageni wa Dar wanataka kuonja wine Iringa

Mkuu umeuliza hao marafiki zako sita uwapeleke Dodoma kwenye wine za zabibu au ubaki nao hapa Iringa. Dodoma ni kama kilomita 260 kwenda tu, kwenda na kurudi siku moja mtaonja lami sio wine. Zile za Dodoma nunua chupa mbili tatu hapa mjini, za kavu na tamu, mnywe jioni na nyama.

Mchana wapeleke kwenye ulanzi aisee, ile pombe ya utomvu wa mianzi, kama wanakuja kipindi cha mvua, maana kiangazi mianzi haitoi. Toka asubuhi uende vijiji vya Kilolo, omba mgemaji awaonyeshe anavyokata kile kichipukizi cha mwanzi na kuning'iniza mbeta, kile chombo cha kukingia utomvu, matone yanadondoka taratibu afu nyuki wamejaa hapo. Anzeni na mtogwa, ule wa leo, mtamu kama juisi, watu wa Dar watasema mbona hii soda, we nyamaza tu. Afu ndo mkangafu, wa siku mbili tatu, mchachu una povu, hapo mwongeaji wa kundi lazima akae chini.

Kuleni kwanza, ugali na maharage yanatosha. Mimi niliendaga tumbo tupu mwaka juzi, sitaki hata kusimulia. Na dereva asionje hata mtogwa, unaendelea kuchacha wenyewe humo humo kwenye dumu.