Maswali ya Wasomaji: Stempu ya Kodi Kwenye Pakiti ya Karata

SWALI: Katika sanduku la marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Kisumu, tumekuta pakiti mbili za karata. Moja imetengenezwa Marekani, na juu ya mdomo wa kasha lake imebandikwa stempu ya buluu iliyochanika katikati, isiyo na bei. Nyingine ni ya Uingereza. Haina stempu, ila ree yake ya shupaza (karata yenye alama moja tu nyeusi iliyo kama moyo uliopinduliwa) ina nakshi nyingi pamoja na jina la kiwanda. Je, ile ya buluu ni stempu ya posta? Naweza kuibandua nikamuuzia mkusanyaji? — Msomaji, Kisumu.

JIBU: Tafadhali usiibandue. Hiyo si stempu ya posta bali ni ya ushuru, na kazi yake ilikuwa sawa na ya stempu za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, tunazoziona kwenye chupa za mvinyo: kuthibitisha kwamba serikali imelipwa kabla bidhaa haijamfikia mnunuzi. Ilibandikwa kwenye mdomo wa kasha makusudi, ili anayelifungua alazimike kuichana na isiweze kutumika tena. Kwa hiyo mchaniko unaouona si kasoro. Nusu mbili zilizobaki mahali pake zinaeleza jambo ambalo stempu iliyobanduliwa haiwezi kulieleza, yaani ilitumika kwenye pakiti gani na ya kiwanda gani.

Marekani ilianza kutoza karata ushuru wakati wa vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1883, ukarudishwa mwaka 1894 kwa senti 2 kila pakiti, kisha ukapanda hadi senti 10 mwaka 1924 na senti 13 mwaka 1941, mpaka ulipoondolewa mwaka 1965. Stempu iliyotaja pakiti moja bila kutaja bei ilitolewa mwaka 1940, na kwa kuwa haikufungwa na kiwango chochote, iliendelea kutumika hata ushuru ulipopanda. Itazame yako kwa kioo cha kukuzia: viwanda vilipiga juu ya stempu herufi za majina yao, mara nyingi pamoja na tarehe, na alama hiyo ndiyo itakayokusaidia zaidi kujua umri wa pakiti.

Ree ya shupaza ya Uingereza ina historia nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1711 iliweka ushuru wa peni 6 kwa pakiti, na kuanzia mwaka 1765 serikali ikaichapa ree hiyo yenyewe, hivi kwamba mtengenezaji hakuweza kukamilisha pakiti bila kuipata kutoka ofisi ya stempu. Ilipofika mwaka 1801 ushuru ulikuwa shilingi 2 na peni 6, kiasi kikubwa mno kwa kitu cha mchezo, na wapo walioshawishika kughushi ree hiyo. Mtengenezaji karata Richard Harding alinyongwa mwaka 1805 kwa kosa hilo. Hukumu ya kifo kwa sababu ya karata moja inasikitisha hata leo, na inaonyesha jinsi serikali ile ilivyoithamini kodi yake. Mwaka 1862 ushuru ulishushwa hadi peni 3 na alama yake ikahamishiwa kwenye karatasi ya kufungia pakiti, lakini viwanda vikaendelea kuipamba ree ya shupaza na kuandika majina yao juu yake. Kama ya mjomba wako ina jina la kiwanda bila maneno ya ushuru, yaelekea ni ya baada ya mwaka huo. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1960.

Kuhusu bei, usitarajie makubwa, kwa maana stempu za buluu za aina hiyo zilichapwa kwa wingi. Mkusanyaji makini atapendelea kasha, stempu na karata zote 52 zikiwa pamoja. Kwa unyevu wa Kisumu, gundi ya zamani hulegea na karatasi huota ukungu, basi weka kila pakiti katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu mbali na jua, wala usitumie selotepu kuunganisha palipochanika.