Sindano za Kichina za kutuliza maumivu (akupancha) ni imani tu?
Hapana ndugu, siyo imani tu, mwilini kuna kitu kinatokea kabisa. 2010 kule Rochester, Marekani, timu ya mtafiti Maiken Nedergaard iliwachoma panya pointi ya Zusanli, moja ya sehemu maalum za kuchomea, ile ya chini ya goti, sindano inazungushwa kila dakika 5, na adenosini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu, ikapanda hapohapo, halafu panya wasio na kipokezi chake, yaani kile kinachoipokea hiyo adenosini mwilini, hawakupata nafuu, na panya huwezi kumwambia aamini dawa. Ila Ujerumani 2007, kwa wagonjwa 1,162 wa mgongo, waliochomwa juujuu nje ya pointi walipata nafuu karibu sawa na waliochomwa penyewe, na wote wakawapita wa vidonge na mazoezi, kwa hiyo hizo ramani za pointi mimi sijashawishika nazo.