Unahamia Phoenix? Jifunze Kuendesha Gari Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia. Viza imetoka, mumewe amepanga nyumba Surprise, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, na anauliza: "Mume wangu ana gari na anaendesha. Na mimi nina haja ya kujifunza kabla sijaja?" Dada, haja unayo, tena kubwa. Na kwa kuwa wanaouliza hivi ni wengi, nitaeleza kwa kirefu.

Mimi naishi huko huko Surprise. Nyumba ni nzuri, sibishi. Uani ni kokoto badala ya majani, maana hili ni Jangwa la Sonora na maji si ya kuchezea. Lakini simama dirishani saa nne asubuhi uone kama utamwona mtu. Mlango wa gereji wa jirani unapanda, gari linatoka, mlango unashuka. Jioni gari linaingia, na mlango unafungwa mwenyewe hata hajashuka. Mnapakana ukuta miaka na sura yake huijui. Hakuna duka la Mangi, hakuna genge, hakuna bodaboda. Treni ya umeme ya Phoenix, ile iliyoanza mwaka 2008, inakwenda Tempe na Mesa. Huku kwetu haifiki.

Mume wangu alikuwa na zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, mchana analala. Siku moja ya mwezi wa saba maziwa ya mtoto yaliisha. Gari lilikuwa gereji, ufunguo mezani, na mimi sijui hata kuliwasha. Nikaona nimwache mume apumzike na mtoto wake, nikatoka kwa miguu, ndala na kanga kichwani. Barabara kubwa za jiji hili zimepangwa mraba, kutoka moja hadi nyingine ni maili moja, zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwenye ramani unaona ni kona tu. Sikuifikia. Ndala zilianza kunata kwenye lami, moja ikakatika kigingi. Mama mmoja wa Kizungu akasimamisha gari, akashusha kioo, akaniuliza nimepata ajali gani. Alinipeleka dukani akanirudisha nyumbani, Mungu ambariki.

Msione nakuza mambo. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likipita nyuzi 43 kila siku, na kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ikahesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto mwaka huo. Huku hatutembei mchana wa kiangazi.

Baada ya siku ile nikawa naomba lifti. Kuna mwenzetu mmoja, Mtanzania, alikuwa ananichukua Jumapili kwenda ibadani. Kumbe huko pembeni anasema mimi ni mzigo, nimemgeuza dereva wangu. Niliyasikia kwa watu. Mafuta nilikuwa nachangia, na watoto wake nilikuwa nawasuka bure. Tukikutana leo tunasalimiana vizuri, lakini neno lile bado liko kifuani.

Ndipo nikachukua kitabu cha sheria za barabarani. Mtihani wa kuandika wa Arizona una maswali 30, unatakiwa upate 24. Nilikuwa nasoma mtoto akilala. Kisha mume wangu akanifundisha asubuhi akitoka kazini, kabla jua halijakaza, na hapo nampa heshima yake kwa sababu macho yalikuwa mekundu kwa usingizi. Leseni ikatoka. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee, na kwa mshahara wangu mwenyewe nikanunua Corolla iliyotumika, kwa jina langu. Leo naendesha Grand Avenue usiku na redio imewashwa.

Sasa wewe unayekuja: jifunze ukiwa bado nyumbani. Ni kweli huko tunashika kushoto na huku ni kulia, lakini mguu utakuwa umeshazoea breki na woga wa usukani utakuwa umeisha. Ukinunua gari, angalia kiyoyozi kabla ya rangi. Lisilo na kiyoyozi usilichukue hata kwa kupewa. Betri huku hazidumu, joto linaziua, kwa hiyo weka akiba ya pesa ya betri mpya. Maji yasikose ndani ya gari. Na mtoto usimfunge mkanda kabla hujagusa kile chuma kwa mkono wako, kinaunguza. Bima ni lazima kisheria, usidanganywe na mtu.

Na nyie akina baba, nisikilizeni. Mkeo hakuvuka bahari aje kuhesabu kokoto. Ukimwambia "utazoea" halafu unaondoka na ufunguo, umemfunga. Mwanamke asiyeweza kumkimbiza mtoto hospitali bila kukuamsha au kumpigia simu jirani asiyemjua hayuko salama, hata friji ikijaa. Mfundishe. Na wewe dada usisubiri afundishe akipata nafasi, nafasi haiji. Dai. Jifunze, jifunze, jifunze.

Jumapili baada ya ibada huwa nawafundisha wanawake kwenye maegesho ya kanisa yakishakuwa matupu. Kiangazi tunaanza alfajiri, kabla ya ibada. Silipishi, ila uje na viatu vya kufunga na uwe umeshakipitia kitabu cha sheria.