CBR600RR nzito kwenye kona

Mkuu, umesema pikipiki yako ya Honda CBR600RR inagoma kulala kwenye kona na usukani mzito, na fundi kashakwambia ununue shokapu mpya. Subiri kwanza, usitoe hela bado.

Anza na upepo, tena pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, mbele psi 36 nyuma psi 42. Mbele ikiwa na 25 hapo lazima upigane nayo tu. Halafu angalia tairi ya nyuma, kama imeliwa katikati ikawa bapa (ukipiga lami iliyonyooka kila siku ndo inakuwa hivyo) chuma hakitaki kulala, kinalala kwa kushtuka, na hapo hakuna setting itakayokusaidia, badilisha tairi, weka saizi 180/55 ileile ya kiwanda, achana na wanaokushauri upana wa 190 ili ionekane nene.

Kama tairi ziko poa, nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu kushoto kulia. Ukikwama katikati kama una kishimo, beringi za usukani zimekwisha au zimekazwa kupita kiasi.

Yote yakiwa sawa ndo unaweza kupandisha shokapu za mbele kwenye vibano vinavyozishika pale kwenye usukani, milimita 3 hivi, pande zote sawasawa, maana ukizipandisha mbele inashuka, na mbele ikishuka inageuka chapu. Usizidishe, spidi kubwa usukani utaanza kutetemeka.

Na kona ya kulia unasukuma hendeli ya kulia kwenda mbele eeh? Wengi wanaivuta.